Athari ya Aharonov-Bohm

Athari ya Aharonov-Bohm ni tukio la fizikia ya kwanta ambapo elektroni huathiriwa na sumaku iliyofungiwa mahali zisipofika. Katika njia zinazopita hakuna uga wa sumaku wala wa umeme, hivyo hakuna kani inayozisukuma. Hata hivyo mwingiliano wa mawimbi yao hubadilika. Jina linatokana na Yakir Aharonov na David Bohm, walioieleza mwaka 1959 wakiwa Chuo Kikuu cha Bristol, Uingereza.

Msingi wake

Elektroni husafiri kama wimbi. Mawimbi ya Ziwa Viktoria yakifika kwenye Jiwe la Bismarck, Mwanza, hupita pande zote mbili na kukutana nyuma yake: kilele kikipata kilele maji huinuka, kilele kikipata bonde maji hutulia. Boriti ya elektroni ikigawanywa njia mbili na kuunganishwa tena hufanya vivyo hivyo, na penye kupokelewa huonekana mistari ya mwanga na giza kwa zamu. Mahali pa mistari huamuliwa na tofauti ya fezi, yaani kiasi ambacho wimbi moja limelitangulia jingine.

Kati ya njia hizo huwekwa koili ndefu na nyembamba. Umeme ukipita, uga wa sumaku hubaki ndani ya koili. Nje uga ni sifuri, lakini potensheli ya vekta, kipimo ambacho uga hukokotolewa kutokana nacho, si sifuri: huizunguka koili, ikifuatana na elektroni za njia moja na kupingana na za njia ya pili. Tofauti ya fezi inayotokea ni eΦ/ħ, ambapo e ni chaji ya elektroni, Φ ni flaksi ya sumaku ndani ya koili, na ħ ni namba ya Planck, h, ikigawanywa kwa 2π. Flaksi ikiongezeka kwa h/e, takriban weba 4.14 × 10⁻¹⁵, kila mstari huhamia nafasi ya jirani yake. Boriti yenyewe haipindi; husogea mistari tu.

Majaribio

Werner Ehrenberg na Raymond Siday walikuwa wamelifikia wazo hili mwaka 1949 walipochunguza hadubini ya elektroni, lakini halikuvuta macho ya wengi. Mwaka 1960 Robert Chambers wa Bristol aliona mistari ikisogea alipotumia uzi mwembamba wa chuma wenye usumaku. Wapinzani walidai kwamba uga ulivuja na kuzigusa elektroni.

Hoja hiyo ilijibiwa mwaka 1986 na Akira Tonomura na wenzake wa kampuni ya Hitachi, Japani. Walitumia pete ndogo mno ya sumaku, wakaifunika kwa niobi na kisha shaba. Chini ya nyuzi −264 za Selsiasi, niobi hupitisha umeme bila ukinzani na kuuzuia uga usitoke; shaba iliyazuia mawimbi ya elektroni yasiingie. Elektroni zilizopita katika tundu la pete bado zilitofautiana kifezi na zilizopita nje.

Umuhimu

Kabla ya hapo potensheli ilihesabiwa kuwa chombo cha kurahisishia hesabu, kwani yaweza kubadilishwa kwa namna nyingi bila uga kubadilika. Athari hii inaonyesha kwamba kuujua uga wa mahali elektroni ilipo hakutoshi kueleza itakavyokwenda. Jumla ya potensheli katika mzunguko mzima, ambayo ni sawa na flaksi iliyozungukwa, haibadiliki kwa uchaguzi wa mkokotoaji, na ndiyo inayopimwa.

Maana yake bado inajadiliwa. Mwaka 2012 Lev Vaidman alitoa hoja kwamba athari hii yaweza kuelezwa kwa uga pekee, chanzo cha sumaku nacho kikihesabiwa kikwanta. Matokeo ya vipimo hayabishaniwi. Tangu mwaka 1985, Richard Webb na wenzake wa IBM walipoiona katika pete ndogo ya dhahabu, athari hii imekuwa njia ya kuchunguza jinsi elektroni zinavyohifadhi fezi ndani ya metali.