Kasi Tupu na Kasi ya Kazi

Ukipita kwenye karakana za useremala za Kwa Mathias, au kwingineko Kibaha kandokando ya Barabara ya Morogoro, utasikia lalamiko la mota likitolewa kwa maneno mawili: "Haina spidi." Mwenye lalamiko ana ruta ya mkono, au siku hizi mashine ndogo ya nakshi inayoongozwa na kompyuta, aliyoiweka nyumbani achonge maua ya milango na vichwa vya vitanda. Anachosema ni kweli. Shida ni kwamba spidi anayoitaja ni vitu viwili tofauti, na kila kimoja kina ugonjwa wake.

Shuleni tulifundishwa neno mwendokasi, yaani umbali uliogawanywa kwa muda. Tangu mwaka 2016 mabasi ya Dar es Salaam yamelifanya neno hilo kuwa la kila mtu. Lakini mota haiendi popote, inazunguka palepale. Kipimo chake ni mizunguko kwa dakika, ndiyo maana ya zile herufi RPM kwenye kibandiko. Tafsiri hiyo ni nzuri, kwa sababu mtu hahitaji fizikia kuielewa. Nashauri tu isifupishwe ikawa "mzunguko", kwa kuwa mafundi umeme wameshalichukua neno hilo kwa njia ya umeme yenyewe.

Sasa tazama kibandiko cha ruta nyingi: karibu na namba ya mizunguko utaona herufi n yenye sufuri ndogo pembeni. Sufuri hiyo inamaanisha kwamba mota ilipimwa ikiwa haina mzigo, biti haigusi mbao. Kasi hiyo naiita kasi tupu. Ile inayobaki biti ikishazama kwenye mninga naiita kasi ya kazi. Kwa mota ya brashi isiyo na kidhibiti, ya pili huwa chini sana ya ya kwanza, na hilo peke yake si ubovu. Ubovu ni pale tofauti inapozidi ilivyokuwa zamani kwa mbao ileile, biti ileile na kina kilekile.

Majina haya mawili yanaokoa pesa. Chomeka mashine, iache izunguke bila kugusa kitu, usikilize. Kama hata tupu inasuasua, usihangaike na biti. Sababu iko ndani ya mota au kwenye umeme unaoingia: brashi za kaboni zimeisha na zinatoa cheche nyingi, beringi imejaa vumbi, au swichi ya kurekebisha spidi imekufa. Chomoa waya ukutani kabla hujafungua chochote.

Kama tupu inalia vizuri na inalemewa ikianza kuchonga, anzia nje. Biti butu huunguza mbao na kuacha alama nyeusi. Kina kikubwa mno kwa mkupuo mmoja huizidi nguvu mota yoyote ndogo. Mbao nayo ina usemi wake: mpingo ni mzito hata huzama majini, na mpangilio uliokubali kwenye mninga utakwama hapo. Wachongaji wa Kizaramo wa upande wa Kisarawe, waliochonga vinyago vya mwana hiti kwa tezo na kisu, mkono wao ulihisi ugumu wa mbao papo hapo wakapunguza pigo. Kompyuta ya mashine ya bei ndogo haihisi kitu; husukuma biti kwa mwendo uleule ilioagizwa.

Hapo ndipo hesabu inapouma. Chukua biti yenye makali mawili, inayosukumwa milimita 1,800 kwa dakika huku ikizunguka mara 18,000. Kila ukali unakata unyoya wa mbao wenye unene wa milimita 0.05. Kasi ya kazi ikishuka hadi 9,000 na msukumo usibadilike, unyoya unakuwa milimita 0.1. Mota iliyokwisha kuchoka inapewa kazi nzito zaidi, inashuka tena, mwishowe biti inakatika au koili inaungua. Kwa hiyo ukisikia sauti inashuka, punguza msukumo na kina kwanza.

Chanzo kingine hujificha, nacho ni waya wa ekstensheni. Waya wa shaba wa milimita mraba 1, wenye urefu wa mita 30, hupoteza karibu volti 8 mota ikivuta ampea 8. Mashine ikizunguka tupu inavuta kidogo, hivyo upotevu hauonekani. Ikianza kazi, volti zinashuka wakati zinapohitajika zaidi. Ukijumlisha na umeme mdogo wa jioni, lawama zote huiangukia mota. Pima volti kwenye soketi ya mwisho wakati biti inakata, si kabla.

Mashine zinazojipima kasi zina tatizo lao. Ndani ya baadhi yake mna kihisi cha mwanga kinachohesabu alama kwenye ekseli kila inapopita. Vumbi laini la mbao likikifunika, kinakosa hesabu, na mashine inasimama ikidai mota imepungua kasi ilhali mota ni nzima. Kipanguse kwa brashi kavu laini kabla ya kununua kitu. Naepuka kukiita sensa, maana kwetu sensa ni ya watu na makazi.

Zipo pia mota zisizo na brashi, zinazolishwa na inverta. Kasi yake hufuata masafa ya umeme: kwa mota ya ncha mbili, hezi 400 hutoa mizunguko 24,000 kwa dakika, na hezi 50 hutoa 3,000 tu. Inverta iliyoachwa kwenye hezi 50 itafanya mota mpya ionekane mbovu. Hiyo hurekebishwa kwa vitufe, si kwa spana.

Ukimpelekea mota fundi wa kusuka, mwandikie kwenye karatasi: tupu inazungukaje, kazini inazungukaje, mbao gani, kina gani, volti ngapi.