Safu ya Lugha: Kapasita "imejaa"?

Mafundi wa redio husema kapasita "imejaa chaji". Hata mwaka 1746, huko Leiden, Uholanzi, Pieter van Musschenbroek alipotia umeme kwenye chupa ya maji, kapasita ya awali, ilidhaniwa umeme humiminika na kukaa humo. Usemi unaeleweka, ila unaficha jambo tamu.

Ndani ya kapasita mna mabamba mawili yaliyotenganishwa na kihami. Betri huondoa elektroni kwenye bamba moja na kuzisukuma kwenye jingine. Zinazopungua huku ni sawasawa na zinazozidi kule. Jumla ya chaji ni sifuri! Kinachowekwa akiba ni nishati, nayo imo katika uga wa umeme kati ya mabamba.

Wala hakuna ukingo wa kufurika. Ukiongeza volti, chaji huongezeka, hadi kihami kishindwe. Ndiyo maana ubavuni huandikwa volti za juu kabisa. Volti zikiwa maradufu, nishati huwa mara nne. Mikrofaradi 100 kwenye volti 300 ni jouli 4.5, na zaweza kubaki humo baada ya kuchomoa waya ukutani. Fundi, pima kwanza ndipo uguse.

Mimi naandika "imechajiwa".