Neno la wiki: Bendera

Bendera tuliipokea kutoka kwa Wareno, wanaoiita *bandeira*. Nchini Brazil neno hilohilo limeingia hadi majini: samaki wa mapambo ambaye wengi humwita malaika, kule ni *acará-bandeira*. Acará ni neno la Kitupi kwa samaki wa familia moja na sato na perege wetu. Bandeira ni mapezi yake marefu, yaliyosimama juu na chini.

Ila bendera hiyo moja hupeperushwa na spishi tatu. Anayetaka kujua amefuga ipi asitazame rangi, atazame paji la uso. *Pterophyllum altum*, wa mto Orinoco na Rio Negro ya juu, ana mbonyeo mkali juu ya pua. *P. leopoldi*, mdogo kuliko wenzake, hana mbonyeo: mstari kutoka mdomoni hadi pezi la mgongo umenyooka, na chini ya pezi hilo pana doa jeusi. *P. scalare* yuko katikati. Mbonyeo anao, lakini hafifu.

Scalare ndiye aliyejaa madukani. Amezalishwa matangini vizazi kwa vizazi, hadi wapo weupe, weusi na wenye madoa. Majina ya biashara nayo huchanganya: anayeuzwa kama "altum wa Peru" ni scalare tu. Kwa mazungumzo, bendera inatosha. Anayetaka kuzalisha, aulize samaki ametoka mto gani kabla ya kulipa.