Misa ya Sauti Tatu

Kwaya yetu ilipobaki na watu tisa, wanaume wakiwa wanne tu, kuna mmoja alisema tuivunje. Wenzetu wengi walikuwa wameenda mjini kutafuta kazi. Mimi ndiye niliyefundisha, na sikuwa na jibu la maana isipokuwa misa moja ya William Byrd niliyoinakili kwa solfa.

"Kwani hiyo si ya makathedrali?" akauliza mzee wetu wa besi.

Hapana, na hapo historia ikanisaidia. Byrd alikuwa Mkatoliki katika Uingereza ya Malkia Elizabeth wa Kwanza, ambako kuadhimisha misa kulikuwa kosa la kisheria. Tangu 1581, aliyekataa kuhudhuria kanisa la serikali angeweza kutozwa faini ya pauni 20 kwa mwezi. Wakatoliki wakawa wanasali majumbani, kwa siri. Hao ndio Byrd aliowatungia misa tatu, zikachapishwa kati ya 1592 na 1595 hivi, bila mwaka wala jina la mchapishaji. Ile ya sauti tatu haihitaji umati. Watu watatu wanatosha, mradi wajue kuhesabu.

Kuhesabu ndiko kulikotutesa. Kyrie tuliimeza jioni moja tu, maana ni fupi na sauti hutamka maneno pamoja, kama nyimbo zetu za kawaida. Agnus Dei ikatuumbua. Katika vitabu vyetu vya solfa, maneno huandikwa mara moja chini ya sauti zote. Huku kila sauti ina maneno yake, kwa wakati wake. Mzee alizoea kudandia soprano. Wakitangulia, naye huyo, tunagongana. (Alto niliwachanganya na soprano. Mpaka leo hawajanisamehe.)

Wacha nikiri: nilikuwa nimempa karatasi yenye sauti zote tatu, nikidhani namsaidia. Kumbe waimbaji wa Byrd walishika vitabu tofauti, kila mtu akiona sauti yake tu. Basi nikamwandikia besi peke yake. "Mzee, usimfuate mtu. Hesabu na vidole."

Tuliimba Jumapili moja ya Kwaresima. Kwenye dona nobis pacem, soprano mmoja akapotea kabisa. Mzee hakugeuka. Alishikilia noti yake, vidole vikigonga benchi polepole, hadi yule dada akaisikia na kurudi.