Ncha ya Ngozi Iliyobadili Mchezo wa Biliadi

Aliyewahi kusimama kando ya meza ya pool bila shaka amelishuhudia jambo hili: mpira mweupe unaugonga mwenzake na kuutumbukiza shimoni, kisha, badala ya kuufuata humo, unarudi nyuma taratibu. Kwa karne kadhaa ufundi huo haukujulikana. Uliletwa na kipande kidogo cha ngozi.

Biliadi ilianza Ulaya katika karne ya 15, ikitokana na mchezo uliochezwa nje, juu ya nyasi. Ndiyo sababu meza ilivishwa kitambaa cha kijani. Wachezaji wa zamani walitumia rungu lenye kichwa kipana, na mpira ulisukumwa zaidi kuliko kupigwa. Mpira ulipokaribia ukingo, kichwa cha rungu hakikuufikia sawasawa, hivyo mchezaji aligeuza rungu na kutumia mpini. Wafaransa waliuita mpini huo mkia, na neno lao ndilo lililozaa jina la Kiingereza la fimbo ya biliadi.

Hata hivyo, mti mtupu uliteleza. Mchezaji alilazimika kupiga katikati ya mpira. Akigusa pembeni, fimbo iliponyoka na zamu ikapotea.

Ndipo alipotokea François Mingaud, nahodha wa askari wa miguu wa Ufaransa. Inasimuliwa kwamba alifungwa Paris kwa sababu za kisiasa, na huko gerezani, palipokuwa na meza ya biliadi, akaifanyia majaribio ncha ya ngozi hadi alipoachiliwa mwaka 1807. Mwaka 1827 alichapisha kitabu cha mapigo yake, na mwaka 1830 John Thurston, mtengenezaji wa meza jijini London, akakitoa kwa Kiingereza.

Siri yenyewe ni nyepesi. Ngozi hunasa, na ikipakwa chaki hunasa zaidi. Ukipiga mpira chini ya kitovu chake, hurudi. Ukipiga juu, husonga mbele. Ukipiga ubavuni, huzunguka na kubadili mwelekeo unapogonga ukingo. Mjini Bath, Uingereza, Jack Carr anakumbukwa kwa kuwauzia watu chaki akidai kwamba ndiyo iliyouzungusha mpira. Ilikuwa chaki ya kawaida. Ufundi ulikuwa mkononi mwake.

Meza nazo zilibadilika. Mwaka 1826 Thurston alianza kutumia jiwe tambarare badala ya mbao, na baadaye kingo zikawekewa mpira wa kurudisha mwendo. Mashimo nayo yana tabia zake. Ya pool yamekatwa kwa pembe kali. Ya snuka yana midomo iliyoviringwa, hivyo mpira unaopigwa kwa nguvu na kugusa mdomo huo mara nyingi hutemwa nje. Kwa hiyo mchezaji wa snuka hujifunza mapema kwamba pigo la upole hupokewa pale ambapo pigo la hasira hukataliwa.

Msikilizaji, kabla ya ngozi, mpira ukishaingia shimoni, mengi yaliyofuata yaliachiwa bahati. Baada yake, kuingiza mpira kukawa nusu tu ya kazi. Nusu ya pili ni kuuweka mpira mweupe mahali pa pigo lijalo. Hapo ndipo bingwa na mbahatishaji walipoachana njia.