Lukuga, Mlango Ufungukao na Kufungwa

Sisi tukaao Nyantende huyaona maji kila siku, lakini ni mara chache twajiuliza yaendako. Mvua inyeshayo juu ya vilima vyetu hushuka kwa vijito hata mto Ruzizi. Ruzizi hutoka Ziwa Kivu, penye kimo cha mita 1,460, nao huteremka mpaka Ziwa Tanganyika. Tanganyika humwaga maji yake kwa mto Lukuga, huko Kalemie. Lukuga huingia Lualaba, yaani Kongo, mpaka baharini. Basi maji ya kijito chetu ni ya mto upitao mito yote ya Afrika kwa wingi wa maji.

Njia hii haikuwa hivi tangu mwanzo. Wataalamu husema kwamba zamani maji ya Kivu yalikwenda kaskazini, upande wa Nili. Milima ya moto ya Virunga iliziba bonde, ziwa likajaa, na yapata miaka 10,000 iliyopita likapata njia ya kusini. Ndiyo Ruzizi.

Mwezi wa Novemba 1871 Livingstone na Stanley walitoka Ujiji kwa mtumbwi ili wajue kama Ruzizi yatoka Tanganyika au yaingia. Wakaona yaingia. Swali likabaki: maji ya ziwa hili yatokea wapi? Mwaka 1874 Cameron alifika Lukuga, akaona maji yakitoka polepole, na majani yameziba njia. Mwaka 1876 Stanley alikuta matope na mafunjo, asione mto wa kweli. Watu wakabishana. Lakini ziwa lilizidi kupanda, na yapata mwaka 1878 likabomoa kizuizi. Hore alipofika mwaka 1879, Lukuga ilikuwa ikienda kwa nguvu. Katika miaka kama 15 ziwa likashuka karibu mita 10, na mahali palipokuwa maji pakawa nchi kavu.

Kwa nini mlango ule hufunguka na kufungwa? Sehemu kubwa ya maji ya Tanganyika huondolewa na jua, wala si na Lukuga. Jua hunywa kwanza, Lukuga hupewa masazo. Mvua ikipungua kidogo tu kwa miaka mingi, masazo huisha, mto husimama, na majani huota ndani yake. Mvua ikizidi, ziwa hupanda hata lijifungulie njia.

Labda msomaji atasema: "Mbona mwatuonya juu ya ukame, nasi twaona gharika?" Ni kweli. Mvua kubwa za mwaka 1961 zilijaza maziwa yetu, na huko Kinshasa mto Kongo ulifika kimo kikubwa mno. Mwezi wa Aprili 2020 mto Mulongwe ulifurika Uvira, ukaua watu na kubomoa nyumba nyingi. Na mwaka 2024 maji ya Tanganyika yaliingia nyumbani mwa watu Uvira, Kalemie na Bujumbura. Lakini ziwa lililopanda ndilo lile lile lililowahi kushuka. Anayejenga juu ya mchanga ulioachwa na maji hudhani ziwa halitarudi. Naye aliyezoea miaka ya mvua hudhani kiangazi kirefu hakitakuja. Wote wawili wamesahau.

Na hasara ya ukame twaijua. Mvua ya Septemba ikichelewa, maharagwe hufa shambani. Taa za Bukavu nazo zategemea Ruzizi, penye kiwanda cha umeme cha mwaka 1958 na cha pili cha mwaka 1989. Kivu ikipungua, mitambo hukosa maji ya kutosha. Tena siku hizi joto la dunia limezidi, na jua lizidipo kuwa kali hunywa zaidi.

Mvua hatuwezi kuiamuru. Twaweza kuikaribisha vizuri inapokuja: tuchimbe mifereji ya kukinga udongo mashambani, tuache miti ya kienyeji kuzunguka chemchemi, wala tusipande mikaratusi hapo, maana hunywa maji mengi. Tena kila mtaa uwe na daftari, kijana mmoja aandike siku mvua ilipoanza na siku ilipokoma. Wale waliobishana juu ya Lukuga kila mmoja aliuona mto siku chache tu. Sisi tu hapa mwaka baada ya mwaka; tukiandika, watoto wetu hawatabishana.