Mtoto Akiamka na Homa: Shule au Nyumbani?

Baadhi ya jamaa zetu waliokwenda Nairobi kutafuta riziki wanaishi Jericho, ule mtaa wa nyumba za zamani za baraza la jiji, jirani na Jerusalem na karibu na Barabara ya Rabai (jina letu limewafuata hadi bara). Swali wanalotupigia simu kuuliza ni lile lile linaloulizwa Majengo na Kisauni: mtoto ameamka mwili unamchemka, aende shule au abaki?

Wengi humpa Panadol, wakamvisha mkoba. Dawa hiyo hushusha joto kwa saa nne hadi sita tu, ugonjwa wenyewe haiuondoi. Ikifika saa tano mtoto amelala juu ya dawati, na wenzake wamekaa naye tangu gwaride la asubuhi. Kanuni inayofuatwa nchi nyingi ni hii: mwenye homa ya nyuzi 38 au zaidi abaki nyumbani mpaka zipite saa 24 hana homa, bila ya kupewa dawa ya kuishusha. Hayo maneno ya mwisho ndiyo watu huyaruka.

Anayehara au kutapika, Uingereza humngojesha saa 48 tangu mara ya mwisho. Kwetu, ambako shule nyingi zina shida ya maji ya kunawa, sioni sababu ya kungoja pungufu. Akihara maji matupu, meupe kama maji ya mchele, usingoje chochote. Mpe maji ya ORS huku mkielekea kituo cha afya, maana hicho huenda ni kipindupindu.

Surua ndiyo ya kuogopwa. Mgonjwa abaki siku 4 baada ya upele kutokea, lakini huwa ameshaanza kuambukiza siku 4 kabla yake, na virusi hubaki katika hewa ya chumba hadi saa 2 baada ya yeye kutoka. Kwenye nyumba ya vyumba viwili utamtenga wapi? Kinga ni chanjo, inayotolewa Kenya mtoto akiwa na miezi 9 na tena miezi 18. Kitazame kijitabu cha kliniki leo, si siku atakapougua.

Tetekuwanga hungoja malengelenge yote yakauke na kufanya vigaga, kwa kawaida siku 5 hivi, na mtoto asipewe aspirini. Matubwitubwi ni siku 5 tangu mashavu kuvimba. Macho mekundu tunayajua, mwanzoni mwa 2024 yalienea Mombasa na sehemu nyingine za Pwani: abaki mpaka yaache kutoa tongo, na awe na taulo lake peke yake. Malaria haiambukizwi dawati kwa dawati, ila mwenye nayo ni mgonjwa wa kutibiwa na kupumzika. Mafua mepesi bila homa, au choa kinachopakwa dawa, si sababu ya kukosa masomo.

Kuna jambo letu sisi Waislamu. Mtoto hukosa shule asubuhi, kisha alasiri akapelekwa madrasa kwa kuwa "ameshapata nafuu". Chuoni pia kuna watoto wa watu, tena wamekaa mkeka mmoja. Mtume (S.A.W.) alikataza ngamia wagonjwa wapelekwe kwa walio wazima, sembuse watoto.

Wazazi wengine huogopa sheria. Ni kweli Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inamtaka mzazi ahakikishe mtoto anahudhuria, na mwalimu mkuu achunguze anapokosekana. Lakini kinachotafutwa ni utoro usio na sababu ya maana, na ugonjwa ni sababu. Mwarifu mwalimu mapema, umtajie ugonjwa na siku ulipoanza, ili awatazame waliokaa karibu naye. Shule nazo zipunguze zawadi za "hakukosa hata siku moja", zinawasukuma watoto kuficha homa.

Kinachobaki ni pesa. Mama anayeuza mboga hana likizo ya ugonjwa wa mtoto, siku moja bila kufungua kibanda ni siku bila chakula. Hapo sera pekee haisaidii. Baadhi ya kina mama hupatana na jirani mapema, huyu akikaa na wagonjwa leo, yule wiki ijayo. Mpango huo ufanywe watoto wakiwa wazima, na jirani huyo aachiwe nambari ya simu ya mzazi, ORS na nauli ya kufika zahanati.